Maswali ya Watoto Wetu Yanakwenda Wapi?

Maelezo ya dawati la elimu kwenye kikao cha kamati za parokia, Mgori, mkoani Singida



Mlituomba tuseme juu ya kikundi cha masomo kwa njia ya simu. Hesabu ya fedha mmeshagawiwa, na mweka hazina atajibu maswali yenu baada ya chai. Sisi tumeona tuitumie nafasi hii kwa jambo ambalo halimo kwenye karatasi hizo, na ambalo kwa muda mrefu hata sisi hatukuliona. Mtoto akishauliza swali, na swali likishajibiwa, linakwenda wapi? Na mtoto mwingine mwenye swali lile lile atalipataje?

Mtakumbuka tulivyoanza. Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu watoto wetu walikaa nyumbani. Walimu wachache wa kujitolea wakafungua kundi la WhatsApp, wakaingizwa wazazi wenye simu janja, na mtoto akawa anauliza kupitia simu ya baba, ya mjomba, au ya mwenye duka anakochaji. Shule zilipofunguliwa hatukulifunga kundi, kwa sababu watoto walikuwa wameshalizoea, na wako waliotuambia kwamba darasani hawathubutu kunyoosha mkono lakini kwenye simu wanathubutu.

Tulifurahi sana. Katika taarifa zetu za robo mwaka tuliandika idadi ya maswali yaliyoulizwa, na idadi ilikuwa kubwa, na wafadhili walitupongeza. Idadi ile hatutairudia hapa. Tulipokuja kuyasoma maswali yenyewe, moja baada ya jingine, tuliona kwamba sehemu kubwa yalikuwa yale yale yanayorudiwa, na mengi hayakuwa na jibu, au jibu lilikuwapo mahali ambapo mwulizaji hakuweza kulifikia. Tulikuwa tunahesabu vilio tukiviita huduma. Tunawaomba radhi kwa hilo, wafadhili hasa.

Sasa tueleze lilivyotokea, kwa sababu mwenye kikundi kama hiki kwingineko atakutana na hali ile ile.

Mtoto anapiga picha ya ukurasa wa daftari. Chini yake anaandika, "Naomba msaada swali hili." Anatuma. Baada yake anakuja mwingine na picha yake, naye anaandika, "Naomba msaada." Katikati kuna salamu za asubuhi, tangazo la msiba, sala ya rozari, na mtu anayeuza kuku. Mwalimu anajibu usiku anapopata mtandao, naye kwa picha. Wiki mbili baadaye mtoto wa kigango kingine anakwama mahali pale pale. Anaambiwa atafute. Simu hutafuta maneno yaliyoandikwa kwenye ujumbe, na kundi letu lilikuwa na picha tu. Maneno yaliyoandikwa yalikuwa "naomba msaada". Ukitafuta kwa maneno hayo unaletewa kundi zima.

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo ndilo lililotuuma.

Binti mmoja wa kidato cha kwanza aliuliza namna ya kujumlisha sehemu mbili, tano kwa kumi na mbili na saba kwa kumi na nane. Huyu hakutuma picha, aliandika vizuri kabisa kwamba amekwama kwenye kutafuta KDS ya 12 na 18. Kijana mmoja wa kidato cha nne akamjibu mbele ya watu wote: "Hili limeshaulizwa, tafuta juu, acheni uvivu." Wengine wakaweka alama za kucheka. Binti alikuwa ameshatafuta. Aliandika KDS, hakuona kitu. Jibu lilikuwapo kweli, lakini lilikuwa limeandikwa LCM, kwa sababu lilitolewa na mwalimu wa sekondari kwa Kiingereza cha sekondari. Yeye alijifunza Kigawe Kidogo cha Shirika shule ya msingi, kwa Kiswahili, na alikuwa akiijua vizuri. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba LCM ndiyo KDS ile ile na kwamba jibu lake ni 36. Alidhani ni somo jipya ambalo wenzake wote wanalijua isipokuwa yeye.

Alitoka kwenye kundi siku hiyo. Habari hizi hatukuzipata kwenye simu. Tulizipata kwa mama yake, kwenye jumuiya, wiki kadhaa baadaye.

Ndugu wajumbe, hapa Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya Serikali anafundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha anaingia sekondari anafundishwa kwa Kiingereza. Tumelizungumza sana jambo hilo katika vikao, na kila mtu ana maoni yake, na leo hatuna muda wa kulirudia. Tunachosema ni kwamba mtoto anayekwama ana neno moja mkononi, na neno hilo mara nyingi silo lile lililoandikwa juu ya jibu. Anatafuta usanisinuru, jibu liko chini ya "photosynthesis". Anatafuta mzingo, jibu liko chini ya "perimeter". Na mwingine ameandika alivyosikia darasani, "fotosintesisi", na wala hana kosa, ndivyo linavyosikika. Kumwambia huyu "tafuta juu" ni sawa na kumtuma mtu ofisini akamwulize mtu kwa jina ambalo hakuna anayemwita.

Tulikwenda kuangalia wengine wanafanyaje. Watengeneza programu za kompyuta duniani wana mahali pao pa kuulizana panapoitwa Stack Overflow, palipoanzishwa mwaka 2008. Ni watu wakali, wanasifika kwa ukali, na hatukutaka kuwaiga katika hilo. Lakini wana desturi mbili zilizotufaa. Kwanza, kila swali huwekewa maneno machache ya mada, yasiyozidi matano, ili lipatikane. Pili, swali lililorudiwa kwa maneno mengine kwa kawaida haliondolewi. Linaachwa pale pale, likiwa na kielekezi cha kwenda kwenye swali la kwanza, kwa sababu atakuja mtu mwingine atakayetafuta kwa maneno yale ya pili. Tuliposoma hivyo tulimkumbuka binti yule. Swali lake halikuwa la ziada. Lilikuwa ndilo mlango ambao watoto wa kidato cha kwanza wangepitia kulifikia jibu, nasi tukaufunga kwa kicheko.

Jambo jingine tulilojifunza ni la kuhifadhi. Yahoo! Answers ilianza mwaka 2005, watu wa dunia nzima wakauliza na kujibu humo kwa miaka karibu kumi na sita, kisha tarehe 4 Mei 2021 kampuni ikaifunga. Sisi hatukuhitaji kwenda mbali hivyo. Mmoja wa walimu wetu, aliyekuwa ametunza majibu mengi kuliko wote, simu yake ilizama kwenye ndoo ya maji. Kazi ya zaidi ya mwaka ikaishia pale. Tangu hapo tumekubaliana kwamba kisichoandikwa kwenye karatasi hapa Mgori hatukihesabu kuwa tunacho.

Basi tulinunua kaunta buku.

Wapo waliotucheka kwamba tumetoka kwenye simu tukarudi kwenye daftari. Hatukutoka kwenye simu. Mtoto bado anauliza kwa simu, na mwalimu bado anajibu kwa simu. Ila sasa kila swali lina mtu anayelipokea, analipa namba, na kuliandika kwenye rejesta ya somo lake: namba, kidato, mada kwa Kiswahili, mada kwa Kiingereza, swali lenyewe kwa mstari mmoja, ukurasa wenye jibu, na sahihi ya mwalimu aliyelihakiki. Kisha anarudisha kwenye kundi ujumbe mfupi wa maneno, si picha, mfano: "Hisabati, kidato 1, namba 14, KDS, LCM, kujumlisha sehemu." Ujumbe huo ndio simu inaouona mtu akitafuta. Na ni mwepisi, hauli bando kama picha, jambo ambalo wazazi wamelishukuru, hasa miezi ya kabla ya mavuno ambapo hata vocha ya shilingi mia tano ina mjadala nyumbani.

Kurasa za nyuma za rejesta ndizo tunazojivunia. Pale tumeandika faharasa ya maneno kwa alfabeti, na kila neno alilolitumia mtoto yeyote limeingizwa, hata lililoandikwa vibaya, na mbele yake namba ya swali. KDS, tazama 14. LCM, tazama 14. "Elisiemu", tazama 14. Tunaomba msiiguse faharasa hiyo kwa nia ya kusahihisha tahajia. Mjumbe mmoja mwenye nia njema alikwisha kufuta baadhi ya maneno kwa kalamu nyekundu, tukalazimika kuyarudisha.

Tulikosea pia katika kupanga. Mwanzoni tulitumia namba za mada kama zilivyo kwenye muhtasari wa somo, tukaona tumefanya kitaalamu. Kisha mitaala mipya ikaanza kutumika kwa hatua tangu mwaka 2024, mada nyingine zikahamishwa, na namba zetu zikawa haziongozi popote. Sasa tunatumia majina ya mada tu. Jina likibadilishwa tunaongeza jipya kwenye faharasa, la zamani linabaki.

Kuna watu watauliza, na waliuliza jana hapa hapa: kwa nini jasho lote hilo, wakati mitihani iliyopita ipo? Ipo kweli, na tunaitumia. Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, limetunga mitihani mingi tangu hapo, na maktaba ya mtandaoni ya TETEA imeikusanya mingi na kuitoa bila malipo. Shule Direct, iliyoanza mwaka 2013, ina masomo yaliyopangwa kwa kidato. Taasisi ya Elimu nayo ina vitabu vya kiada mtandaoni. Tunamshauri kila mwenye simu janja avitafute hivi. Lakini karatasi ya mtihani imepangwa kwa mwaka, na mtoto hakwami kwa mwaka. Anakwama kwenye mada. Anataka kuona maswali yote ya mzingo wa duara yaliyowahi kutoka, moja baada ya jingine, na si kufungua karatasi kumi akitafuta moja moja kwa simu yenye chaji ya kuazima. Kazi ya kuyakata na kuyapanga upya kwa mada inafanywa na vijana wetu wawili waliomaliza kidato cha sita, na wameifikisha nusu kwa Hisabati, kidogo kwa Biolojia, na kwa Fizikia bado kabisa.

Baraza pia hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, ukionyesha wengi walikosea wapi na kwa nini. Tunashangaa ni shule chache kiasi gani zinaousoma. Sisi tumeanza kuuweka kwenye rejesta pembeni ya swali husika.

Na zipo sasa programu za akili mnemba, kama ile ya ChatGPT iliyotoka Novemba 2022, ambazo hujibu papo hapo. Watoto wa mjini wanazitumia, na wa kwetu wachache. Hatuzikatazi. Tumeona hata hivyo kwamba mtoto asiyejua kulieleza swali lake kwa mwalimu hajui kulieleza kwa mashine pia, na kwamba majibu yake mengine huwa na makosa yaliyoandikwa kwa ufasaha mkubwa. Kwa hiyo nayo yakija kwenye kundi yanapitia kwa mwalimu kabla ya kupewa sahihi. Tuliwahi kuacha jibu la binadamu lenye hatua moja isiyo sahihi likanakiliwa muhula mzima, na hatutaki kurudia.

Jambo moja la ulinzi, na tunaomba akina baba walisikilize. Kwenye kundi la kwanza namba za simu zilionekana na kila mtu. Wako mabinti walioanza kupokea ujumbe wa faragha kutoka kwa watu wazima ambao hawakuwa walimu. Tuliwaondoa watu hao, na wawili tuliwafikisha kwa wazazi na kwa uongozi wa kijiji. Leo wanaoandika kwenye kundi ni watunza rejesta na walimu tu. Mtoto anampa mtunzaji swali, na swali linaingia kwa namba bila jina. Tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka 2023 ni wajibu wetu pia kisheria, lakini tulipaswa kufanya hivyo hata bila sheria. Na tumeona faida ambayo hatukuitarajia: swali likiwa halina jina, kijana wa kidato cha nne hana wa kumcheka.

Sasa tuje kwenye ombi letu, kwa maana najua wengine mnaangalia jua.

Mfadhili mmoja ametuandikia kwa moyo mwema kwamba yuko tayari kutupatia kompyuta vibao, kila kigango kumi. Tumemjibu kwa shukrani tukamwomba asubiri. Wajumbe wengine wamekasirika, wanasema tumekataa baraka. Hatujaikataa. Wazee mliopo mtakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Karibu watu milioni 2 walijifunza kwenye vikundi kwa kusikiliza redio. Kabla ya vipindi kuanza, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwanza namna ya kuendesha kikundi: kusikiliza pamoja, kusoma kitabu, kujadili, kisha kwenda kuchimba choo. Redio peke yake isingechimba choo. Na sisi tunasema kompyuta vibao kumi bila mtunza rejesta ni mahali kumi papya pa kupotezea maswali.

Tunachoomba ni posho ya mtunza rejesta mmoja kwa kila kigango, kaunta buku nne kwa mwaka, na nauli ya kuwakutanisha watunzaji mara moja kila robo mwaka ili walinganishe faharasa zao. Ni vitu visivyopigika picha nzuri, tunajua. Mtunzaji akiwa amekaa na kalamu hafanani na mtoto aliyeshika kompyuta. Wafadhili mtatusamehe jarida likitoka na picha ya daftari.

Kuhusu mgawanyo wa kazi, hatuna haja ya kufundishwa na mtu wa mbali. Msitu wetu wa Mgori, karibu hekta 40,000, ulikuwa unakwisha, na katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano, yaani Mughunga, Unyampanda, Pohama, Ngimu na Nduamughanga, vikachukua kila kimoja kipande chake, vikaandika sheria ndogo na kuteua walinzi wake. Kilichokuwa cha wote na kwa hiyo si cha mtu kikawa na mwenyewe wa kuulizwa. Tunapendekeza vivyo hivyo: kigango kimoja kichukue Hisabati, kingine Biolojia, kingine Kemia, kingine Kiingereza, na swali lolote la somo hilo kutoka popote lipelekwe huko. Fizikia haina mwenyewe bado. Tumeuliza mara mbili, watu wote wakaangalia chini.

Mtauliza binti yule yuko wapi. Yuko shuleni, anaendelea. Kwenye kundi hajarudi, na hatukumshurutisha. Mdogo wake wa kiume ndiye anayeleta maswali siku hizi, kwa karatasi, na mwandiko wa baadhi ya karatasi hizo si wa mvulana. Tunazipokea, tunazipa namba, tunajibu.

Majina ya watunzaji yaletwe kwa katibu kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka, awe mtu anayeandika vizuri na asiye mkali kwa watoto. Kaunta buku ziko mezani pale mlangoni, zimeshapigwa mistari. Kila kigango kichukue mbili za kuanzia na kutia sahihi. Na kama katika ninyi yupo aliyesoma Fizikia, hata kama ni zamani, tutakuwa hapa hadi saa kumi.